Kengele ya Moshi kwa Nyumba za Tanga: Ipi Inabaki na Makali Yake

Kengele za moshi karibu zote hulia vizuri dukani. Muulize muuzaji itakuwaje mwaka wa nne, ikishakula vumbi la Ngamiani na unyevu wa masika.

1. Ya mwanga, inayojirekebisha. Ndani mna kijumba cheusi. Taa ndogo humulika upande mmoja, na jicho la kupokea mwanga limekaa pembeni lisiione taa. Moshi ukiingia, mwanga hutawanyika ukalifikia jicho, kengele ikalia. Tatizo ni kwamba vumbi likitanda kwenye kuta za kijumba nalo hurudisha mwanga, kwa hiyo kengele huzidi kuwa nyepesi, mpaka mvuke wa bafuni unailiza. Vumbi likiziba lenzi, mambo hugeuka: inakuwa nzito. Inayojirekebisha hupima hewa safi kila mara, hutafuta wastani wa saa nyingi au siku kadhaa, kisha husogeza kiwango cha kulia kuufuata. Husogeza polepole kwa makusudi. Ingeharakisha, moshi wa godoro linalofukuta taratibu ungehesabiwa vumbi. Ikifika kikomo chake hutoa ishara ya hitilafu. Karatasi ya maelezo iseme wazi kuwa inafidia vumbi. Chukua yenye alama ya EN 14604, kiwango cha Ulaya cha kengele za moshi, na betri ya lithiamu ya miaka 10 isiyofunguliwa.

2. Ya mwanga ya kawaida, betri ya volti 9. Si mbaya, ila kazi ya kurekebisha ni yako: kila miezi mitatu pitisha brashi laini kavu kwenye matundu. Usiipulizie dawa ya mbu wala kuifuta kwa maji. Nyumba za karibu na bahari, kama Raskazone, kagua vibanio vya betri, chumvi huvila.

3. Ya ayoni, inayotumia chembe yenye mionzi kupitisha mkondo mdogo wa umeme hewani. Wengine hudhani mionzi yake huisha. La: amerisiamu 241, metali inayotoa mionzi hiyo, hupungua nusu kwa miaka 432 hivi. Kinachoiharibu ni vumbi na unyevu, ambavyo hupunguza mkondo wa umeme ndani yake kama moshi unavyofanya. Ni hodari kwa moto wa miali, nzito kwa unaofukuta, na haivumilii mafuta ya kukaangia. Watu huishia kuing'oa betri.

Jikoni weka ya joto, inayolia kwenye nyuzi 57 hivi. Vyumba vya kulala bado vinataka ya moshi. Wanaofukiza udi wasiifunge juu ya chetezo.

Dari la jipsamu likiwa bado linapigwa msasa, acha kifuniko cha plastiki juu ya kengele mpaka rangi ikauke, kisha ukitoe. Wengi hukisahau, na moshi haupati pa kuingilia. Kitufe cha kujaribu, bonyeza kila mwezi, lakini kwenye aina nyingi hupima king'ora na saketi tu, hakithibitishi kuwa moshi unaingia.

Kabla ya kulipa, igeuze. Miaka 10 huhesabiwa tangu tarehe ya kutengenezwa iliyoandikwa nyuma. Iliyokaa rafuni miaka minne imebakiza sita. Dai punguzo au irudishe.