Zeitz MOCAA ya Cape Town: jumba la sanaa linalodai muda wa mgeni

Jumba la Zeitz MOCAA, lililofunguliwa Septemba 2017 katika eneo la bandari la V&A Waterfront jijini Cape Town, husifiwa zaidi kwa usanifu wake kuliko kwa kazi zilizomo ndani, na sifa hiyo si ya bure. Hapo awali lilikuwa ghala la nafaka, lililokamilika mwaka 1924, lenye mitungi mirefu 42 ya zege; wasanifu wa Heatherwick kutoka London waliikata mitungi hiyo kwa ndani, wakafuata umbo la punje moja ya mahindi iliyokuzwa hadi kulingana na jengo. Mgeni husimama katika ukumbi wa kati uliotokana na ukataji huo, akatazama juu, akapiga picha, na wengi huridhika na hilo. Tathmini hii ni kwa ajili ya wanaotaka kwenda zaidi ya hapo, kwa maana sanaa ya Afrika Kusini ya leo, iwe ya picha, ya utendaji, ya sauti au ya video, haionekani kwa kupita mbio.

Picha mnato ndizo zinazotendewa haki kwa urahisi zaidi. Vyumba vya maonesho ni vyeupe na havina madirisha, jambo lililolalamikiwa na wakosoaji kwa kuwa ule ukali wa zege la ukumbi wa kati haufiki humo. Lakini kazi kama za Zanele Muholi, mpiga picha mzaliwa wa Umlazi, karibu na Durban, ambaye tangu mwaka 2012 amekuwa akijipiga picha mwenyewe katika mfululizo wa Somnyama Ngonyama, hazihitaji zaidi ya ukuta mtupu na taa zilizopimwa vizuri: weusi wa ngozi uliokolezwa kwa makusudi, na macho yanayomkazia mtazamaji, vinatosha kukijaza chumba.

Ugumu unaanza kwenye sanaa ya utendaji, ambayo huisha pale msanii anapoinuka na kwenda zake. Mgeni wa leo ataoneshwaje kitendo kilichofanyika zaidi ya miaka 25 iliyopita? Jibu bora ambalo jumba hili limewahi kulitoa, kwa maoni yangu, ni onesho la mwaka 2022 la Tracey Rose, Shooting Down Babylon, lililofanyika chini ya uongozi wa Koyo Kouoh, Mkameruni aliyefariki Mei 2025 na ambaye pengo lake katika sanaa ya bara hili ni kubwa. Rose, aliyezaliwa Durban mwaka 1974, ndiye aliyeketi uchi mwaka 1997 ndani ya kabati la kioo katika Jumba la Taifa la Sanaa la Cape Town, kichwa kimenyolewa, akizipiga mafundo nywele zake mwenyewe. Mtazamaji asiyejua kwamba chini ya utawala wa ubaguzi wa rangi penseli ilichomekwa katika nywele za mtu ili kuamua aandikishwe kuwa wa rangi gani, anaweza kuona mwili uchi na asione kitu kingine. Ndiyo maana kumpa msanii huyu nafasi ya kutosha, kazi zake za miaka mingi zikae pamoja na kufafanuana, kulikuwa ni huduma kwa umma na si heshima kwake peke yake.

Katika TKO, video yake ya mwaka 2000, kamera imefichwa ndani ya gunia la mazoezi ya ndondi, naye analipiga huku picha ikiyumba kwa kila ngumi. Anayetaka kuielewa aanze kwa kusikiliza: pumzi zinazokatika na mlio wa koo unaozidi kupanda ndivyo vinavyoeleza gharama ya kila pigo, hata pale sura inapopotea kabisa. Onesho hilo baadaye lilisafiri hadi New York na Bern, na ninafurahi kwamba safari yake ilianzia Afrika.

Video inapopewa nafasi halisi, jumba hili huwa na nguvu ya pekee. More Sweetly Play the Dance ya William Kentridge, msanii wa Johannesburg, iliyokuwamo katika maonesho ya ufunguzi, hupangwa kwenye skrini nane, na kwa takriban dakika 15 msafara wa watu hupita mbele ya mandhari iliyochorwa kwa makaa, wakiwamo wagonjwa wanaokokota dripu zao na bendi ya matarumbeta, hadi anapotokea Dada Masilo, mcheza dansi wa Soweto aliyefariki Desemba 2024, akicheza kwa ncha za vidole na bunduki mkononi. Anayeingia katikati na kutoka baada ya dakika mbili atadhani ni sherehe. Ni lazima kukaa mpaka msafara uanze upya ndipo mtu atambue kwamba wanaopita ni wenye furaha na wenye kufa kwa pamoja.

Sauti tupu, isiyo na picha, ndiyo ningependa ipewe ule ukumbi wa kati mara nyingi zaidi. Kazi kama Elegy ya msanii wa Afrika Kusini Gabrielle Goliath, ambamo waimbaji saba wa kike hupokezana noti moja ya muziki kwa muda wa saa nzima kumwombolezea mtu aliyeuawa, ingeitumia mitungi ile ya zege vizuri kuliko sanamu yoyote inayoning'inizwa humo.

Walio chini ya miaka 18 huingia bure. Utaratibu wa kuwaingiza bure raia wa nchi za Afrika, ambao Mtanzania au Mkenya ananufaika nao kwa kuonesha kitambulisho, umewekwa Jumatano asubuhi, saa 4 hadi saa 7, na anayepanga safari ni vyema aulize kwanza kama saa hizo hazijabadilika. Ni utaratibu mwema, ila saa tatu za siku ya kazi ni chache mno kwa kazi zinazopimwa kwa muda, na mfanyakazi wa Khayelitsha, kitongoji cha Cape Town, hawezi kuzipata kirahisi. Ningeshauri zihamishiwe mwisho wa juma, au tiketi moja imruhusu mtu kurudi siku ya pili kumalizia video alizoziacha njiani.