Maji ya bomba huku bonde la Songwe: yanatoka vizuri, ila yanakula sabuni

Wanaohamia huku kwetu kutoka Mbeya mjini huniuliza habari za maji kabla hata ya kuuliza kodi ya nyumba. Nawajibu wote kwa pamoja.

Kwa upatikanaji sina lalamiko. Koki iko uani, maji yanatoka karibu kila siku, hayana tope wala harufu, hata mvua ikiwa kubwa. Mimi nimezaliwa Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka, lakini bomba letu la kijijini likinyeshewa lilikuwa linaleta maji ya kahawia. Kwa hiyo maji meupe namna hii nayaheshimu. Nikinywa nachemsha kwanza, na ladha yake ile nzito nimeizoea.

Shida ni ugumu. Bonde hili limejaa mawe ya chokaa, ndiyo maana hata kiwanda cha saruji kilijengwa huku. Maji ya visima yanapita katikati ya mawe hayo yakiyeyusha kalsiamu na magnesiamu, na huwezi kuyaona kwa macho. Utayajua siku ya kufua.

Chukua shati jeupe la shule, paka sabuni ya mche, sugua. Povu halitoki. Kinachotoka ni utando wa kijivu unaoelea juu, halafu unang'ang'ania kwenye ukingo wa beseni na kwenye kola ya shati. Sabuni inajifunga kwanza na ile kalsiamu, na mpaka kalsiamu iishe hakuna povu, maana yake sehemu ya kipande imeliwa kabla nguo haijaguswa. Suuza mara mbili, shati likikauka bado gumu, na weupe wake unafifia muhula hadi muhula. Sabuni ya unga inavumilia zaidi. Wengine wanatia magadi kidogo kwenye maji na kuyaacha yatulie kabla ya kufua. Inasaidia kweli, kwa sababu magadi yanaishusha kalsiamu chini ya ndoo.

Kwenye maharage ndipo roho inaniuma, kwa sababu mkaa ni ghali. Maharage ya njano yaleyale ninayonunua gulioni, ukiyapika kwa maji ya bomba yanachemka na kuchemka, mchuzi umeshakuwa mwekundu na ganda bado linagoma kati ya meno. Kalsiamu inalikaza ganda na ile gundi ya asili inayoshikilia punje. Mama mkwe wangu aliniambia wiki niliyofika hapa, "Mwanangu, usiloweke kwa maji ya bomba. Loweka kwa maji ya mvua, na ya kupikia yawe hayohayo." Nimefuata na tofauti ni kubwa. Yanaiva laini, na mkaa unabaki wa kupikia ugali. Magadi pia yanalainisha maharage, lakini mimi siyapendi kwenye chakula cha watoto. Yakizidi kidogo tu mboga inanuka sabuni, na yanapunguza vitamini B1 iliyomo.

Birika la umeme nalo lina habari yake. Juni na Julai huku ni baridi, kila asubuhi maji ya moto, na kila chemsha inaacha tabaka jeupe kwenye koili. La kwangu lilipoanza kuchelewa kuchemka nikampelekea fundi. Akalifungua, akakwangua kwa bisibisi, kikadondoka kigae cheupe kinene kuliko ukucha. "Mama, hili halijafa," akaniambia, "limevaa jiwe." Ni jiwe kweli. Chemchemi za maji moto za Songwe zimejenga miamba yake kwa njia hiyohiyo, hewa ya kaboni ikitoka kwenye maji na chokaa kubaki nyuma. Dawa yake ni limau. Kamua mawili au matatu ndani ya birika, ongeza maji yafunike koili, chemsha, acha usiku kucha. Utasikia linachachatika, na asubuhi kigae kimelegea. Siki pia inafanya kazi, ila harufu yake inadumu. Chai ya rangi kwa maji haya inaweka utando juu unaong'aa kama mafuta. Ukikamulia limau unapotea.

Majirani wanaogopa figo. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu wa maji kwa sababu za kiafya, na kalsiamu mwili unaihitaji. Mimi hasara naiona kwenye sabuni, mkaa na vyombo.

Kinachonikera kuhusu watoa huduma wetu ni ukimya. Unalipia kuunganishwa, unapewa mita, na hakuna anayekwambia maji yana ugumu kiasi gani. Kipimo chake si siri. Chini ya miligramu 60 kwa lita ni maji laini, zaidi ya 180 ni magumu sana. Namba hiyo wangeiandika kwenye ankara, mama mwenye kibanda cha chakula angejua apange vipi mkaa wake, na mwenye saluni angejua kwa nini nywele za wateja hazitakati.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitaongeza siku watakapobandika vipimo ofisini kwao.

Anayehamia, unganisha bomba bila kusita, ila weka na tenki la mvua. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji, hivyo bati la mita 40 za mraba likinyeshewa milimita 25 linakaribia lita 1,000. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi la paa. Gata zifungwe kabla ya Novemba, kwa sababu mvua zikishaanza mafundi wote wana kazi.