Bondi iliyoniuzia "dizeli safi", na jibu walilonipa niliporudi

Jina la bondi, yaani ile yadi ya kuuzia magari yaliyotoka nje, sitalitaja. Iko Kampala, kwenye moja ya zile barabara ambazo wauza magari wamejipanga kulia na kushoto, na yeyote anayetafuta gari atapita mlangoni pao. Gari kuharibika ningevumilia, maana hakuna chuma kisichoharibika. Lililonishinda ni maneno niliyotupiwa niliporudi kulalamika, mbele ya watu, na vijana wa pale wakacheka: "Mama, moshi gani? Kampala hii nani anapima moshi?"

Nianze na haki yao, kwa sababu nisingependa kumsingizia mtu. Karatasi zao ziko sawa. Logibuku, yaani kitabu cha umiliki wa gari, ilitoka siku waliyosema, namba zikafungwa, na binti wa ofisini alikaa nami akanieleza kila shilingi ya kodi inaenda wapi, ukiwemo ushuru wa mazingira ambao serikali inatoza magari makuukuu. Tangu 2018 sheria inakataza kuingiza gari lililozidi miaka 15, na langu lilikuwa ndani ya sheria. Ningeandika siku ile, ningewapa nyota zote.

Mimi ni mfanyabiashara, nyumbani ni Bombo, na mzigo wangu unakwenda Luweero, Gulu, wakati mwingine mpaka Arua. Nilitaka gari lenye nguvu lisilokunywa mafuta. Kijana wa mauzo akanipeleka moja kwa moja kwenye dizeli ya Kijerumani iliyotumika Uingereza. "Hajati wangu, hii ni dizeli safi. Haina moshi kabisa." Kisha akachuchumaa nyuma ya gari, akaingiza kidole kwenye bomba la moshi, akakizungusha mara mbili, akakitoa na kuniletea karibu na uso. Kidole kilikuwa safi. Hata rangi ya kijivu hakikuwa nayo. "Umeona, Hajati? Unaweza kulia chakula."

Nikalipa.

Sasa hayo maneno "dizeli safi" yana historia yake, na nataka wenzangu wanaonunua magari kutoka Uingereza waijue, kwa kuwa nyingi ya habari hizi zilipita juu ya vichwa vyetu kana kwamba hazituhusu. Tarehe 18 Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitangaza kwamba Volkswagen iliweka programu ya udanganyifu kwenye magari yake ya dizeli, yale yale iliyoyatangaza kuwa "dizeli safi". Kompyuta ya gari ilikuwa inasoma usukani, mwendo, muda ambao injini imewaka, hata mgandamizo wa hewa. Matairi yakizunguka huku usukani umetulia, inajua kwamba hapa tuko kwenye mashine ya kupimia, na hapo inawasha mfumo wote wa kusafisha moshi. Ukirudi barabarani, inaulegeza. Baadhi ya magari hayo yalitoa oksidi za nitrojeni, gesi zenye sumu zilizomo kwenye moshi, hadi mara 40 ya kiwango kinachoruhusiwa Marekani. Waliogundua kwanza walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, waliofunga vipimo nyuma ya gari na kuliendesha barabarani kama mtu anavyoendesha. Hawakuwa na ujanja mwingine. Mkuu wa kampuni, Martin Winterkorn, alijiuzulu kabla wiki haijaisha.

Yalikuwa magari milioni 11 hivi duniani, Volkswagen pamoja na ndugu zake Audi, Skoda na Seat, na karibu milioni 1.2 kati ya hayo yalikuwa Uingereza. Uingereza wanaendesha upande wa kushoto, usukani uko kulia, sawa na sisi. Gari likichoka kule, linapakiwa melini linakuja Mombasa, kutoka Mombasa linapanda Kampala. Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu.

Mimi nilianza kuijua hesabu hiyo pale Migyera. Tulikuwa tunakwenda harusini Arua, gari limejaa shangazi na masufuria, mvua za mwanzo wa msimu zimeanza. Tumeshapita Nakasongola, mara taa ya njano kwenye dashibodi, ile yenye mchoro wa koili, ikaanza kupepesa. Nguvu zikakatika. Nakanyaga mafuta, injini inaguna, gari haliendi. Malori ya mizigo yanayokwenda Sudan Kusini yakawa yanatupita na kupiga honi, upepo wao unalitikisa gari, shangazi wanasoma dua kwa sauti. Tukajikokota mpaka Migyera, ambako namshukuru Mungu malori hulala, na palipo na malori pana mafundi.

Fundi alikuwa mzee wa makamo, mikono yake nyeusi mpaka kwenye viwiko. Alifungua vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, akanionyesha: masizi yameganda ndani kama lami, vali imekwama wazi. "Hii tutasafisha," akasema. Halafu akalala chini ya gari na tochi ya simu mdomoni, akanyamaza muda mrefu. Nikasikia anagonga kwa spana. Akagonga tena. Akaniita, "Mama, njoo usikilize."

Alikuwa anagonga kopo la kichujio cha masizi. Mlio ulikuwa mtupu, unalia ndani kwa ndani. Pembeni ya kopo, upande wa juu ambao huuoni mpaka ulale chali, kulikuwa na mstari wa kuchomelea, umepakwa rangi ya fedha juu yake. Mtu alilikata kopo, akatoa kichujio chote, akalifunga tena na kulipaka rangi ili lionekane zima. Nikasimama, nikaenda nyuma ya gari, nikaingiza kidole changu mwenyewe kwenye bomba la moshi. Kilitoka cheusi mpaka kwenye pete.

Sasa kile kidole cha yule kijana kilitoka vipi safi? Bomba lilisuguliwa. Lilisuguliwa asubuhi ile ile, au usiku wake, kwa ajili ya mnunuzi wa kuingiziwa kidole machoni. Nikifika hapo katika kusimulia, nyota zote za karatasi na logibuku zinaniruka.

Kampala nilimpelekea fundi mwingine mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Akakuta programu imeguswa: kompyuta imeambiwa kichujio kipo na kinafanya kazi, isiwashe taa yoyote. Nikaingiza namba ya chesisi kwenye mtandao wa mtengenezaji, na jibu likaja kwamba gari hili ni miongoni mwa yale ya kashfa ile ya 2015 yaliyoitwa kurudishwa kurekebishwa. Kama lilirekebishwa Uingereza, kitabu cha sevisi hakikufika nalo, na hata kama lilirekebishwa, mwingine amekuja kuandika uongo wake juu yake. Gari moja limefundishwa kudanganya mara mbili, na mara zote mbili mnunuzi ndiye aliyelipa.

Nikarudi bondi. Nilikwenda kwa heshima, nimevaa vizuri, nimeshika karatasi ya fundi na picha za lile kopo kwenye simu. Yule kijana alinikumbuka. Lakini "Hajati wangu" ilikuwa imekwisha, sasa nikawa "wewe mama". Kwanza akasema ni mafuta ya Uganda, machafu, yanaua dizeli za Ulaya. Nikamwambia nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana tangu 2015 dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, na tena, mafuta machafu hayachomelei chuma wala hayapaki rangi ya fedha. Hapo ndipo akawageukia wenzake waliokuwa wanakunywa soda kivulini, akasema lile neno la nani anapima moshi. Wakacheka. Nikamwambia Marekani wenye magari haya walirudishiwa pesa. Akasema, "Basi nenda Marekani."

Ni kweli walirudishiwa. Mwaka 2016 kampuni ilikubali makubaliano ya hadi dola bilioni 14.7, mwenye gari achague kuliuza kwa kampuni au litengenezwe, na juu yake apewe fidia, wengi kuanzia dola 5,100. Ujerumani, mahakama ya juu iliamua mwaka 2020 kwamba mwenye gari anaweza kulirudisha na kudai pesa zake, zikipunguzwa kwa kilomita alizotumia. Uingereza, kule kule lilikotoka langu, madai ya wenye magari wapatao 91,000 yalimalizwa mwaka 2022 kwa pauni milioni 193. Huenda aliyekuwa nalo kabla yangu ni mmoja wao. Alipokea fidia, akauza gari, gari likaja kwangu na moshi wake. Kwangu hakuna aliyeandika hata barua.

Na yule kijana anauliza nani anapima moshi. Mapafu yanapima! Apite soko la Kalerwe, hapa hapa Kampala, jioni foleni ikishika. Kina mama wametandaza nyanya na dodo hatua mbili kutoka kwenye mabomba ya teksi, watoto mgongoni. Oksidi za nitrojeni huzioni, hazina weusi wa kukufanya ufunge dirisha, lakini zinachoma njia ya hewa, na mwenye pumu anazisikia kabla ya wewe kujua kuna kitu. Mimi napita pale na gari langu. Nimelipa ushuru wa mazingira kwa gari ambalo tumbo lake limekatwa ili litie sumu zaidi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa, na pesa zenyewe zilikuwa nyingi.

Mtaniuliza kama gari ni baya. Hapana, na hapo ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Vali iliposafishwa, lilipanda mpaka Arua na shangazi wote ndani, na kwa mafuta ya lile tenki ningezunguka na gari langu la zamani nusu ya safari tu. Usukani ni mwepesi, kiti hakiniumizi mgongo. Nimeshaagiza kichujio, spea ya kweli, bei yake inatisha, nitakifunga. Sitauza gari hili kwa mtu mwingine likiwa hivi lilivyo, maana nitakuwa nimeshika spana ile ile.

Kuhusu bondi, nilikuwa nimepanga kusema: nendeni, ila nendeni na fundi wenu, mkalale chini ya gari, mgonge kopo, na namba ya chesisi mwikague kabla ya kutoa shilingi moja. Ushauri huo nauacha kwa bondi nyingine zote. Kwa hii nasema msiende. Nimesubiri simu ya bosi wao, ambaye niliahidiwa atanipigia, na mwezi umepinduka. Walioweza kumcheka mama wa umri wangu kwa sababu ameuliza moshi watawacheka na ninyi.

Nyota moja, na hiyo ni ya yule binti wa karatasi, ambaye nilipokuwa natoka alinifuata mpaka getini akaniambia kwa sauti ndogo, "Pole Hajati, si wewe wa kwanza."