Robert Burns kwenye mizani ya korosho: kitabu cha shilingi elfu nne

Kitabu hiki nilikinunua kwa sababu ya betri. Nilishuka Mtwara mjini kutafuta betri ya mizani ya chama chetu cha msingi, nikaikosa, na gari la kurudi kijijini lilikuwa la saa kumi. Nikawa nazurura soko kuu. Kijana mmoja wa mitumba alikuwa ametandaza turubai, viatu upande huu, vitabu upande ule, na katikati pasi mbovu mbili. Nikaokota kitabu chenye jalada jekundu lililopauka. Nikamwuliza kinahusu nini.

"Mashairi ya Kizungu, mzee. Ila Kizungu chake kibovu."

Alitaka elfu sita. Kwa kuwa mwenyewe alishakiri ubovu, nikampa elfu nne.

Niseme kwanza hali ya bidhaa, maana ndiyo kazi ya andiko hili. Kurasa za mwanzo zimeng'oka, kwa hiyo mchapishaji simjui. Herufi ni ndogo kama mchanga. Jioni bila tochi ya simu husomi kitu. Gundi imekauka, na ukikifungua kwa pupa unabaki na karatasi mkononi. Lakini mwishoni kuna faharasa ya maneno, na bila hiyo ningekirudisha kwa yule kijana.

Mwenye mashairi ni Robert Burns, Mskoti, aliyezaliwa tarehe 25 Januari 1759 huko Alloway, kwenye nyumba ya udongo aliyoijenga baba yake kwa mikono yake mwenyewe. Siku chache baada ya mtoto kuzaliwa upepo ukaangusha sehemu ya ukuta. Nilipofika hapo nilikaa vizuri kitini. Nilizoea kudhani washairi wa Ulaya wote walizaliwa kwenye nyumba za mawe zenye ngazi. Huyu alikuwa mtoto wa mkulima wa shamba la kukodi, na yeye mwenyewe alilima, akakodi mashamba, na mashamba yakamshinda.

Sasa hiyo lugha. Mimi nina Kiingereza cha kidato cha nne na cha barua za kiofisi. Nilianza kusoma nikadhani nimezeeka ghafla. Kamusi yangu haina hata nusu ya maneno yale. Kumbe ni Kiskoti, ndugu wa Kiingereza aliyekulia nyumba nyingine. Mtoto ni "bairn", kujua ni "ken", kitu kidogo ni "wee". Burns alipotoa kitabu chake cha kwanza mwaka 1786, katika mji wa Kilmarnock, alikipachika jina linalosema wazi kwamba mengi yaliyomo ni ya lahaja ya Kiskoti, na nyuma akaweka faharasa. Zilichapwa nakala 612, kila moja shilingi tatu za wakati ule, na muda mfupi tu zikaisha.

Kwangu jambo hili halikuwa dogo. Mwaka niliokwenda kusoma sekondari mkoa mwingine, nilisimama kwenye foleni ya bwalo nikaomba "nkate". Bwalo zima likacheka. Wiki nzima nilikuwa naitwa Nkate. Tangu siku ile nimejifunza kuiminya ile "n" ya kwetu, na kama karani naandika "mkorosho" kwenye daftari hata kama aliyenitajia amesema "nkorosho". Halafu namkuta huyu mtu anaandika sawasawa na anavyosema mama yake jikoni, anapeleka kiwandani kupigwa chapa, na wakubwa wa Edinburgh wanagombea kumwalika chakula! Walimwita mkulima aliyefundishwa na mbingu, ingawa baba yake, pamoja na shida zote, alikuwa ameshirikiana na majirani kumwajiri mwalimu. Wakubwa hupenda sana mtu wa shamba awe hakusoma.

Kitabuni mna pia mashairi aliyoyaandika kwa Kiingereza cha heshima. Mengi niliyaruka. Anaonekana mle kama mtu aliyevaa suti ya kuazima, anaogopa kukaa isije ikakunjamana. Akirudi kwenye Kiskoti chake anavua koti, na hapo ndipo utamu ulipo.

Mfano ni shairi la panya, la Novemba 1785. Burns analima, plau inafumua kiota cha panya, naye anasimama kumwomba radhi. Kila ubeti wake una mistari sita: minne mirefu na miwili mifupi, ile mitatu ya kwanza na wa tano zina kina kimoja, wa nne na wa sita zina chao. Sisi tuliozoea mizani minane kwa minane, ule mstari mfupi unakushtua, kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Nilijaribu kuugeuza ubeti wa kwanza, nikahesabu mizani kwa vidole mpaka mke wangu akauliza nadaiwa na nani:

Kapanya wewe kadogo,
Kifuani pana zogo,
Ngoja, subiri kidogo,
Wakimbiani?
Sitakurushia gogo
Humu shambani.

Mwalimu wa hapa kijijini alinisahihisha: si "kapanya", ni "kipanya". Najua, Mwalimu. Lakini kipanya ni wa kwenye mtihani. Huyu aliyefumuliwa nyumba, anatetemeka, ni kapanya.

Siku moja tulikuwa ghalani tunasubiri lori. Novemba, joto limekaza, magunia yamepangwa hadi mlangoni, vibarua wanakula muhogo wa kuchoma. Nikawasomea ubeti wangu na kuwasimulia habari nzima. Kikapita kimya kidogo. Kisha mmoja akauliza kwa upole kabisa:

"Sasa karani, alimwachia aende?"

"Alimwachia."

"Samaki nchanga yule! Anamwombaje radhi kitoweo?"

Wakacheka mpaka muhogo ukawapalia. Asiye wa huku aelewe kwamba panya wa shambani kwetu ndiye "samaki nchanga", na mtu aliyemwachia akaenda zake angeulizwa nyumbani kama anaumwa. Nikafunga kitabu. Lakini kulikuwa na bibi mmoja aliyeleta gunia lake moja na nusu, amekaa chini ya mwembe, miguu ameinyoosha. Akasema bila kumtazama mtu: "Kilichomuuma si panya. Kambomolea nyumba na mvua ndiyo hiyo inakuja. Atajenga na nini?"

Ndivyo shairi lenyewe linavyosema. Burns anamwambia panya kwamba nyasi za kujengea tena zimekwisha na upepo mkali wa Desemba uko njiani. Yule bibi hakusoma hata mstari mmoja. Halafu shairi linafika kwenye maneno yaliyovuma dunia nzima, kwamba mipango ya panya na ya watu mara nyingi huenda mrama. Mrama ni neno la vyombo vya baharini na linakaa pale kama lilizaliwa hapo, sikulitafuta, lilikuja. Mwisho anasema panya ana nafuu, leo tu ndiyo inayomgusa. Yeye mtu akigeuka nyuma anaona majonzi, na mbele haoni kitu, anakisia na kuogopa. Nilisoma hapo nikatazama yale magunia ambayo bei ya mnada wake hakuna aliyekuwa anaijua.

Nyimbo ndizo nyingi zaidi, na hapo kitabu hiki kina kasoro kubwa: hakuna noti za muziki hata moja. Kumpa mtu nyimbo za Burns bila tuni ni kumpa nazi bila mbuzi. Yeye mwenyewe alikuwa anaanza na tuni, anaivumisha mpaka imwingie, ndipo anatafuta maneno. Alikusanya na kutengeneza nyimbo za zamani kwa ajili ya vitabu vya James Johnson, vilivyofika juzuu sita, na fedha kwa kazi ya nyimbo hakutaka. Ilibidi nizisikilize kwa simu na kula bando, kwa hiyo kitabu hiki si cha elfu nne tena.

Mmoja mnaujua bila kujua kama mnaujua: "Auld Lang Syne", yaani zile siku za zamani. Skauti tuliuimba mwisho wa kambi tumeshikana mikono kwa kupishanisha, hakuna aliyejua maana. Burns alisema aliunakili kutoka kinywani mwa mzee mmoja. Katikati, pale ambapo watu hawafiki kwa kuwa wameshaanza kupiga makofi, kuna wawili waliochezea kijito pamoja tangu asubuhi hadi wakati wa chakula, na sasa bahari zinanguruma kati yao. Kaka yangu yuko Pemba ya Msumbiji. Nilimsomea kwenye simu, akasema sauti inakatika.

"Tam o' Shanter" nendeni mkasome wenyewe, ila kwa sauti. Mlevi anatoka mjini Ayr siku ya soko, usiku, dhoruba, amepanda farasi wake Meg, na nyumbani mke amekaa anaipasha hasira moto isije ikapoa. Mstari huo peke yake una thamani ya elfu mbili. Anapita kanisa bovu, anakuta wachawi wanacheza ngoma na shetani ndiye mpiga zumari. Badala ya kunyamaza, anamshangilia mcheza dansi mmoja mwenye shumizi fupi. Taa zikazimika. Farasi alivuka daraja la mto Doon, mkia ukabaki mkononi mwa mchawi. Vijana wa bodaboda niliowasimulia waliniuliza maswali mengi kuliko walivyowahi kuuliza kuhusu dawa ya mikorosho. Shairi la haggis, kile chakula cha moyo, ini na mapafu ya kondoo vilivyopikwa na nafaka ya oti (oats) ndani ya tumbo lake, linachekesha, lakini kwa mtu aliyekulia supu ya utumbo halina maajabu.

Kuna jambo lilinifanya nikiweke kitabu kabatini wiki mbili. Mwaka ule ule wa 1786, kabla mashairi hayajamletea jina, Burns alikuwa amejiandaa kuhamia Jamaika kuwa karani wa hesabu kwenye shamba. Mashamba ya Jamaika wakati huo yalilimwa na watumwa, na watumwa walitoka Afrika. Kitabu kilipouzika akaghairi safari. Mimi ni karani. Najua karani wa shamba anaandika nini: idadi, uzito, bei. Ukitoka kwetu ukaenda Kilwa, huko ndiko kulikuwa mlango wa biashara hiyo hiyo ya watumwa, na Mikindani ndiko Mskoti mwingine, Livingstone, alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866 akiipiga vita. Mwaka 1795 Burns huyu huyu aliandika wimbo mkali kwamba cheo ni muhuri tu wa sarafu, mtu mwenyewe ndiye dhahabu. Ni wimbo mzuri na ninauimba. Lakini kila nikiuimba naiona ile tiketi ya meli. Nyota moja nimeikata hapo, hairudi. Mambo yake na wanawake sitayagusa. Mkewe Jean alivumilia mengi, na mtoto wao wa mwisho alizaliwa siku ya mazishi ya baba yake, Julai 1796. Burns alikuwa na miaka 37.

Lililonirudisha kitabuni ni kazi yake ya baadaye. Kilimo kilipomkatalia, kuanzia mwaka 1789 aliajiriwa ofisa wa ushuru. Alipima mapipa ya pombe, alisaka magendo, alichukiwa. Na akiwa ndani ya kazi hiyo hiyo, mwaka 1792, akatunga wimbo wa shetani aliyeingia mjini anapiga fidla, akacheza, akaondoka na mtoza ushuru, na wanawake wote wakampigia shetani makofi: sasa tutapika pombe yetu, tutacheka na kuimba!

Huku kwetu mabibo yakiiva kuna uraka, pombe ya mabibo, na baada ya uraka kuna nipa, pombe kali ya kukeneka, na nipa haipikwi karibu na barabara. Huo wimbo hauhitaji faharasa. Niliwaeleza vibarua siku ya pili tu ya kuusoma, na hilo lilikuwa kosa langu, maana karani wa mizani ndiye mtu wa kwanza kutuhumiwa kijijini. Kilo zikipungua kwa unyaufu, karani kala. Kangomba, yule mnunuzi wa korosho wa magendo, akipita usiku, karani anamjua. Hawakumtaka tena mtoza ushuru wa Uskoti. Fidla wakaifanya zeze, na kwa kuwa tuni sikuwa nimewapa, wakatia ya kwao.

Basi nikiweka gunia kwenye mizani, ikisoma sabini na nane na mwenye gunia anaapa ni themanini, mmoja anaanza taratibu kule nyuma ya lundo: "Shetani kaja na zeze..." na wote wanaitikia: "...kaondoka na karani!" Na yule bibi wa gunia moja na nusu ndiye mwenye sauti ya juu kuliko wote.

Nyota nne kati ya tano. Aliyenacho chenye noti za muziki na jalada zima, nitakinunua kwa elfu kumi.