Fremu za fundi wa Mwanjelwa: zimepita masika na kiangazi

Wachoraji wenzangu wa hapa Mbeya huniuliza fremu zangu nazitoa wapi. Nazitoa kwa fundi seremala mmoja wa Mwanjelwa, na leo nataka kueleza kwa nini. Sizungumzii fremu ya kuwekea kioo picha ya harusi. Nazungumzia ile ya nyuma, mbao nne ambazo kitambaa kinavutwa juu yake na kubanwa kwa pini kabla hujachovya brashi. Mnunuzi wa picha haioni, lakini ikiwa mbovu, kazi yako yote ya juu inaharibika nayo.

Hali ya hewa ya Mbeya haina huruma na mbao. Mvua zinaanza Novemba na hazikatiki mpaka Aprili au Mei, nyumba nzima inajaa unyevu. Halafu unakuja upepo mkavu wa Agosti na Septemba. Mbao iliyopigiliwa ikiwa mbichi lazima ijikunje. Niliwahi kununua fremu kwenye duka moja hapa mjini, nyeupe, zimenyooka, zinavutia. Kiangazi kilipofika, kona moja ilikuwa imeachana na ukuta vidole viwili na kitambaa kimelegea katikati. Ilikuwa picha ya wanawake wa Tukuyu wakichuma chai, na ilikuwa na mteja tayari.

Fundi huyu anatumia paini tu, mbao zilezile zinazoshuka kutoka Sao Hill kule Mufindi na ambazo kila mtu huku anapigia kenchi. Ila anazikausha mwenyewe. Amezipanga juu, chini ya bati la karakana, kila tabaka limetenganishwa na jingine kwa vipande vyembamba ili hewa ipite. Kabla ya kukata anaigonga mbao kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Zilizotiwa dawa, zile zenye ukijani, haniwekei kabisa, maana nilimwambia sitaki dawa ile iguse kitambaa changu, naye hajasahau.

Kilichonifunga kwake hasa ni ukingo. Chukua fremu yake, ilaze mezani, pitisha kidole upande wa mbele kutoka nje kuelekea ndani. Utaona mbao inateremka. Ukingo wa nje umeachwa umeinuka, wa ndani umepigwa randa ukashuka karibu nusu sentimita. Kwa hiyo kitambaa kinagusa mbao kule pembeni tu, kwingine kote kiko hewani. Fremu bapa haikupi hilo. Unapopaka, brashi inakigandamiza kitambaa kwenye mbao, na baada ya mikono miwili mitatu ya rangi unaona mstari umejichora kuzunguka picha nzima. Mstari huo hautoki, hata ukiufunika kwa rangi nzito kiasi gani. Mwanga wa ubavuni ukipiga, unarudi.

Kona nazo hazina misumari wala gundi. Ulimi wa mbao moja unaingia kwenye mfereji wa mwenzake, kisha ndani ya kila kona zinakaa kabari mbili ndogo. Kitambaa kikilegea, unazigonga taratibu kwa nyundo ndogo, kona zinaachana kidogo na kitambaa kinakaza tena. Fremu zinazozidi mita moja anazitia mtambao, fito ya kukatiza katikati. Akimaliza, anavuta futikamba kutoka kona hadi kona, kisha kona mbili zilizobaki. Vipimo visipolingana, anaifungua na kuanza upya, hata kama umesimama mlangoni unaangalia saa.

Nazijaribu kwa njia ya kawaida ya chumbani kwangu. Navuta marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nachanganya rangi ya maji nyeupe na gundi ya mbao, napiga mikono mitatu na msasa mwepesi katikati. Pamba ikilowa inajivuta kwa nguvu, na hapo ndipo fremu dhaifu inapoonyesha tabia yake, inajipinda kabla hata picha haijaanza. Za fundi huyu zinatulia. Ukikigonga kitambaa kikiwa kimekauka, kinalia kama ngoma.

Hivi sasa iliyo kwenye fremu yake kubwa ni picha ya Kitulo, ile nyanda ya juu ambayo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu na ambayo tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Maua yake yanachanua wakati wa mvua, kwa hiyo michoro ya awali niliifanya kwa penseli chini ya mwavuli na rangi nakuja kuzimalizia huku nyumbani. Nimekwama kwenye kijani. Kitulo haina kijani kimoja. Nyasi zilizolowa chini ya wingu zina rangi ya risasi ndani yake, na nikizidisha bluu kidogo tu zinageuka bahari. Nimekikwangua kitambaa kile kwa kisu cha rangi, nikakisugua kwa msasa, nikakilowesha upya, na fremu haijatikisika. Kwa mtu anayechora kwa kufuta na kurudia kama mimi, hilo lina thamani kubwa kuliko bei.

(Kwa wanaotumia akriliki, rangi za plastiki zinazochanganywa na maji: baridi ya hapa Juni na Julai msiichezee. Chini ya nyuzi 10 hivi rangi haishikani vizuri, ikikauka inaweza kupasuka au kutoka unga. Dirisha langu linaangalia mlima Loleza, upande wa kaskazini, na miezi hiyo jua linapita upande huohuo, basi nasubiri liingie chumbani ndipo nifungue chupa.)

Wapo wanaoniuliza kwa nini nisitumie hadibodi, ule ubao mwembamba wa unga wa mbao ulioshindiliwa, kama alivyofanya mchoraji Edward Said Tingatinga, mtu wa Tunduru, huko Dar es Salaam miaka ya mwisho ya 1960. Namheshimu mno Tingatinga, na rangi ya mafuta juu ya hadibodi inang'aa namna ambayo kitambaa hakiwezi. Ila wateja wangu wengi wako Dar, na mzigo unakwenda kwa basi. Kitambaa nakitoa pini, nakizungusha kwenye bomba nene la plastiki, upande wa rangi ukiwa nje ili usijikunje. Fremu yenyewe, kwa kuwa haina gundi, naifungua ikawa fito nne na kuifunga kwa kamba. Kule mteja anaiunganisha kwa dakika chache.

Kasoro zipo. Akikwambia siku tatu, jiandae kusubiri wiki mbili, hasa akipata oda ya madawati, na simu hapokei akiwa kwenye mashine. Mbao za upande wa nyuma hazipigi msasa, vibanzi vinachoma. Zaidi ya mita moja na nusu hakubali kutengeneza. Na fremu zake za mapambo, za kuwekea kioo, sizipendekezi, kwa sababu vanishi anayopaka inabaki inanata.

Bei niliyolipa mara ya mwisho ni shilingi 15,000 kwa sentimita 60 kwa 90, na 35,000 kwa ile kubwa ya Kitulo yenye mtambao. Madukani utapata ya 8,000. Kwa mazoezi ya wanafunzi inatosha, lakini kwa kazi ya kuuza, ongeza hela uende Mwanjelwa.

Ukifika, ulizia kwa wauza mbao fundi wa fremu za wachoraji, watakuelekeza. Vipimo mwandikie kwenye karatasi, kwa inchi, ndizo anazofanyia kazi. Mwambie waziwazi kwamba unataka ukingo uteremke, asije akakupa bapa akidhani ni ya kioo. Na kabari mwombe za akiba, kwa sababu nane za fremu moja zikisafiri kwa basi mpaka Dar, moja au mbili hupotea.