Ubao wa pedali 30: miezi saba ya kuukanyaga

Ubao huu wa pedali, yaani sehemu ya kinanda (ogani) inayopigwa kwa miguu, nimeupiga karibu kila usiku kwa miezi saba, watoto wakishalala, visikizio masikioni. Ni wa mbao, pedali 30, kuanzia nota ya C ya chini hadi F ya juu, zimelazwa sambamba kama kwenye vinanda vingi vya Ujerumani.

Hiyo F ya juu ndiyo iliyonifanya niununue. Ubao wangu wa kwanza ulikuwa na pedali 27 na uliishia D. Vinanda vingi vya zama za Bach, mtunzi wa Kijerumani, viliishia papo hapo, na kazi zake nyingi zinaenea humo bila shida. Lakini kipande chake kiitwacho Toccata ya F (BWV 540, namba yake katika orodha ya kazi za Bach) kinapanda hadi F kwa miguu, nami nilichoka kuishusha nota oktava nzima kila nilipofika pale juu. Usiku wa kwanza niliporuka hadi F yenyewe, niliirudia mara sita.

Kilichonitesa ni alama za miguu, zinazoonyesha nota ipi ipigwe kwa mguu upi. Kwenye kitabu cha nota ninachofanyia mazoezi, kikofia (^) ni ncha ya kiatu na kibakuli (U) ni kisigino. Alama ikiwa juu ya nota ni mguu wa kulia, ikiwa chini ni wa kushoto. Kuzisoma ni rahisi. Ila aliyeziweka alipigia ubao wa Kimarekani: pedali 32 hadi G, uliobonyea katikati na kuchanua kama ukuti, hivyo pedali zinakaribiana upande wa visigino. Zangu hazikaribiani popote. Kule pembeni kabisa, kisigino cha kushoto kikifuata kibakuli, kiuno kizima kinapinda. Vibakuli vingi nimevifuta, nikaandika vikofia vya kupokezana kulia na kushoto, na hapo muziki ukatembea. Ukiununua, andaa penseli na kifutio mapema.

Mbao ni imara na springi zina uzito mzuri, hazichoshi. Mwezi wa tatu F# ya chini ilianza kukatakata sauti. Muuzaji alileta kihisi kipya, nikakifunga mwenyewe kwa bisibisi.

Kwa anayempiga Bach, nausifu bila kusita. Anayehitaji G ya juu atafute wa 32.

Benchi lake ni fupi mno kwa miguu yangu. Nimelipandisha kwa vipande viwili vya mbao, na sasa magoti yametulia.