Vishikio vya Bakelite: nusa kwanza, ndipo utoe hela

Haya wapendwa, karibuni. Leo nimefurahi, halafu nimekasirika, mtaona kwa nini.

Hivi hapa. Vishikio vya droo, Bakelite ya zamani, kahawia iliyokolea. Vilikuwa sita hadi jana. Ile plastiki ya Leo Baekeland ya 1907, nilishaieleza, sirudii. Leo nataka harufu tu.

Tazama mkono wangu. Nasugua kwa dole gumba. Nasugua... bado... usiache mpaka kidole kianze kuungua. Sasa nusa. Aaah! Laiti simu ingepitisha harufu! Ni formalini, ile ya maabara ya baiolojia shuleni, chura ndani ya chupa. Ukinusa kafuri, hiyo ni seluloidi, plastiki nyingine ya zamani, iweke mbali na jiko, inashika moto upesi mno. Ukinusa maziwa yaliyoungua, hiyo ni plastiki ya kaseini, na kweli imetokana na maziwa. Usiiloweke, itavimba.

Na hiki cha mwisho? Nasugua... nasugua... kimya. Muuzaji aliniapia vyote vimetoka kabati moja! Hiki cha juzi hiki, kimepakwa rangi tu.

Kuna wenzangu kwenye chaneli zao wanaipima kwa kuichoma na sindano ya moto, waone kama itayeyuka. Sawa, Bakelite haiyeyuki, ikishapikwa imepikwa. Lakini alama inabaki, ya nini? Na msasa msiguse kabisa, vingine vya zamani vilichanganywa na asbestosi, vumbi lake si la kuvuta. Brasso na kitambaa laini, basi.

Sasa hasira yangu. Skrubu! Hivi ni vya Marekani, vinataka 8-32, saizi ya skrubu ya Kimarekani. Dukani unapewa M4, ile ya milimita nne, kwa macho ni pacha. Inaingia mizunguko miwili, unachekelea, inakwama. Ukiilazimisha, mtu anabaki na vipande mkononi. Huyo mtu ni mimi, jana usiku.

Elfu nane kimoja nililipa. Asubuhi nilisema nimeibiwa. Ila ukikitazama hiki baada ya Brasso... mh, ningelipa hata kumi. Si kwa kile cha rangi lakini.

Vimebaki vinne, na kabati langu lina droo mbili, kwa hiyo sijalia sana. Kabati lenyewe mtaliona Ijumaa, umeme ukikubali. Mwenye skrubu za 8-32 hapa Dar aandike hapo chini, nachukua bodaboda leo leo.